Kabla Hujalipia Kamera Yako ya Kwanza Kariakoo, Washa Tochi

"Shikamoo mjomba. Nimefikisha laki saba, nataka kamera kubwa nianze kupiga picha za sherehe. Nichukue Canon au Nikon?"

Nilimwitikia mpwa wangu marahaba, halafu nikamwuliza: utapiga wapi, saa ngapi? Akasema ukumbini, usiku, kwenye send-off na kitchen party. Hapo ndipo pa kuanzia. Kabla ya kuuliza jina la kamera, jua utasimama kwenye mwanga gani.

Kumbi zetu za Dar es Salaam unazijua. Jukwaani kuna taa za zambarau na za bluu, lakini meza ya wazazi imo nusu gizani, na picha ya mama akimfunga binti yake kitenge ndiyo familia itakayoitafuta kesho yake. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera nyingi za kuanzia ni ile ya milimita 18-55. Ukiivuta hadi 55, tundu lake la kupitishia mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara tisa ya hiyo. Mara tisa si tofauti ya kupuuza. Ndiyo inayotenganisha uso unaoonekana na uso uliotikisika kwa sababu shata, yaani pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga, ilikaa wazi muda mrefu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na nimeukazia kwa kila kijana aliyeniuliza: bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, nunua ya mtumba, pesa ibaki ya lenzi. Canon 700D ilitoka 2013 na ina megapikseli 18. Hizo zinatosha kuchapa picha kali ya ukubwa wa A3, na wateja wako wengi watataka ndogo kuliko hiyo au za kurusha WhatsApp tu. Muuzaji akikutajia megapikseli 24 kama sababu ya kuongeza laki mbili, shukuru, uliza bei ya lenzi.

Angalia pia majina. Kamera hiyo hiyo ya 700D iliuzwa Marekani kwa jina la Rebel T5i na Japani kwa jina la Kiss X7i. Mtumba wetu unatoka pande zote hizo, kwa hiyo unaweza kuziona zote tatu kwenye kabati moja zikiwa na bei tatu. Ni kamera ile ile. Ukiona bodi iliyotoka Japani, ingia kwenye menyu mbele ya muuzaji, hakikisha lugha unaweza kuibadilisha ukaisoma.

Canon au Nikon? Zote mbili zitakulisha. Ila Nikon wana jambo moja linalowaumiza wanaoanza. Kamera zao ndogo, za familia ya D3000 na D5000, D3500 ikiwemo, hazina mota ya kufokasi ndani ya bodi. Ukizifungia lenzi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D, picha utapiga, lakini kufokasi utafanya kwa mkono. Gizani, maharusi wakiingia wanacheza, hutaweza. Tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S, au panda hadi D7000, ambayo mota inayo. Upande wa Canon, lenzi zote za EF, aina iliyoanza 1987, zinafokasi zenyewe kwenye bodi zao hizi ndogo, na ndiyo maana kwa mtu wa bajeti mimi humwelekeza huko. Ila EOS 4000D niliiacha: mdomo wake wa kufungia lenzi ni wa plastiki, na wewe utabadilisha lenzi kila wiki.

Watakwambia pia kamera za kioo (DSLR kama hiyo 700D, zenye kioo cha kuakisi ndani ya bodi) zimepitwa, dunia imehamia zisizo na kioo. Ni kweli kampuni zimehamishia nguvu zao huko. Kwetu sisi hiyo ni nafuu, maana wanaohama wanauza walivyokuwa navyo. Na lenzi za EF unazonunua leo, ukihamia kamera mpya za Canon baadaye, zitafanya kazi kwa adapta.

Sasa twende dukani, na hapa naomba usome taratibu.

Adui wa lenzi mji huu ni unyevu. Tunaishi kando ya bahari, masika inaleta ukungu hadi kwenye viatu kabatini, na lenzi iliyokaa ndani ya begi miezi miwili inaweza kuota fangasi. Muuzaji anafuta kioo cha nje kwa kitambaa, kinang'aa, unaridhika. Fangasi wako ndani. Mimi lenzi yangu ya kwanza niliinunua hivyo, kwenye duka moja mjini, usiku wa kuamkia kazi. Picha za send-off ile zilitoka kama zimepigwa kupitia neti. Kila taa iliyokuwa nyuma ya bi harusi ilitanda ukungu mweupe usoni pake. Sikuweza kuzirudia, sherehe hairudiwi, na yule dada nikikutana naye hadi leo bado najisikia deni.

Kwa hiyo toa lenzi kwenye bodi. Vua vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu, iweke upande wa nyuma wa lenzi, wewe tazama kwa mbele, tena kwa kuinamisha, si moja kwa moja. Izungushe taratibu. Vumbi dogo lisikutishe, kila lenzi iliyotumika ina vumbi. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zenye matawi, kama utando wa buibui au mizizi ya mche, mara nyingi zikianzia pembeni mwa kioo. Ukiziona, rudisha. Usikubali neno "fundi atasafisha". Fundi anaweza kuwatoa, lakini wakishakula rangi ya juu ya kioo alama inabaki, na gharama ya fundi inaweza kukaribia bei ya lenzi nyingine.

Bodi nayo ikague. Nenda na memori kadi yako. Omba utoke mlangoni, weka tundu kwenye f/16, piga picha ya anga tupu, kisha ikuze kwenye skrini: madoa meusi ni uchafu kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, na husafishika. Nukta nyekundu au ya kijani isiyohama picha hadi picha haisafishiki. Kisha elekeza kamera kwa watu wanaopita Msimbazi, bonyeza kitufe nusu, uone inamshika mtu haraka au inatafutatafuta. Toa betri uilaze juu ya meza; iliyovimba itayumba. Angalia kama namba ya chini ya kamera imekwanguliwa, na ikikwanguliwa ondoka, maana huenda kuna mtu anaililia. Kwa Nikon, idadi ya mibofyo ya shata inasomeka ndani ya picha yenyewe kwa programu za bure. D3500 ilitengenezewa shata iliyojaribiwa hadi mibofyo 100,000. Canon nyingi hazionyeshi kirahisi hivyo, basi tazama mpira wa mshikio na herufi za vitufe: vikifutika, kamera imefanya kazi.

Dai risiti ya mashine yenye namba ya kamera, hata kama ni mtumba.

Nyumbani, nunua dishi la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka vifuko vya silika jeli, vile vinavyokuja na viatu na vifaa vya umeme, ukusanye vingi na kuvibadilisha. Mchele usiweke, unatoa vumbi. Na ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje kupiga gari la maharusi, lenzi itafunga ukungu papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa kama robo saa ipate joto kwanza, usiifutefute.

Tulienda Jumamosi asubuhi, mimi na mpwa wangu. Nilinyamaza makusudi. Duka la kwanza alishika 700D, ikamkaa vizuri mkononi, akauliza kama anaweza kupewa bodi peke yake. Lenzi ya 50mm ya kwanza alirudisha. Ya pili alirudisha pia, muuzaji akaanza kukunja uso. Ya tatu aliizungusha mbele ya tochi muda mrefu, akanipa. Nikatazama, kioo kilikuwa safi hadi pembeni. Alilipa, akabaki na elfu arobaini, akanunua betri ya pili.