Umehamia Uswidi? Tafuta klabu ya soka kabla ya Aprili

Wengi wetu tunafika Uswidi na kalenda ya Uingereza kichwani: ligi inaanza Agosti, inakwisha Mei. Huku sivyo. Allsvenskan, ligi kuu ya wanaume, huanza mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili na kumalizika Novemba, maana katikati ya baridi kali viwanja havichezeki. Julai, ligi kubwa za Ulaya zikiwa mapumzikoni, wewe unatazama mpira saa moja jioni na jua bado linawaka.

Timu ni 16, mechi 30 kwa kila timu. Mbili za mkiani hushuka daraja moja kwa moja. Ya 14 hucheza mchujo, wenyewe huuita kval, dhidi ya timu ya tatu ya Superettan, ligi ya daraja la pili, nyumbani na ugenini.

Sasa, timu gani? Ushauri wangu ni mmoja nao nausisitiza: shika timu ya mji unaoishi, hata kama haina kombe hata moja. Malmö FF ina mataji mengi kuliko wote, na ilibeba 2020, 2021, 2023 na 2024. Lakini mwaka 2025 ubingwa ulikwenda kwa Mjällby, timu ya Hällevik, kijiji cha wavuvi pwani ya kusini. Walipata pointi 75, ambazo hakuna aliyewahi kuzifikisha, na walipoteza mechi moja tu msimu mzima. Lilikuwa taji lao la kwanza. Mtu aliyehamia kule kwa kazi ya kiwandani na kuwapuuza kwa kuwa ni timu ya kijiji, alikosa furaha ambayo jirani zake watawasimulia wajukuu.

Wala usidhani ni ligi ngeni kwetu. Mkenya Michael Olunga alifunga mabao 12 akiwa Djurgården mwaka 2016. Wakenya wenzake nao wapo: Joseph Okumu alikuwa beki wa Elfsborg kabla ya kwenda Ubelgiji, Eric Ouma akakimbia upande wa kushoto wa AIK, na Thomas Ulimwengu wetu wa Tanzania alipita Eskilstuna mwaka 2017.

Ukinunua tiketi, angalia neno ståplats. Hapo watu husimama dakika zote 90, wanaimba, wanapeperusha bendera. Kundi lao huitwa klack. Ni raha isiyo na mfano, ila mara nyingine huwashwa mafataki yenye moshi mzito, ingawa ni marufuku. Ukiwa na mtoto, au kifua kinakusumbua, nunua jukwaa la familia. Mechi ya AIK na Djurgården, klabu mbili za Stockholm zilizozaliwa mwaka mmoja, 1891, ichukulie kama ya Simba na Yanga: jua unakaa upande wa nani, na usivae rangi za wapinzani. Begi kubwa liache nyumbani.

Lakini tiketi ni ya siku moja. Jambo ninalotaka ulifanye ni kuwa mwanachama. Ada ni krona mia chache kwa mwaka, na inakupa kitu ambacho pesa hainunui huko Manchester: kura. Sheria za michezo huku zinataka klabu ya wanachama ishike zaidi ya nusu ya kura katika kampuni yoyote inayoendesha timu, kwa hiyo hakuna tajiri anayeweza kuinunua na kuwafungia wenyewe nje. Kwenye mkutano wa mwaka, årsmöte, mtu mmoja ana kura moja. Kura hizo hizo ndizo zilizoikataa VAR, yaani mwamuzi kusaidiwa na video. Klabu moja baada ya nyingine wanachama walisema hapana, na mwaka 2024 shirikisho la soka la Uswidi likaachana na mpango huo. Soma katiba ya klabu yako mapema, kwani nyingine hutaka uwe umelipa muda fulani kabla ya mkutano ndipo upige kura. Hata kama Kiswidi chako bado ni cha kuokoteza, nenda. Siku nilipoinua mkono kwa mara ya kwanza mle ukumbini, nilihesabiwa kama yeyote mwingine. Sijasahau.

Kuhusu saa: majira ya joto Uswidi iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba ni saa mbili. Waambie ndugu wa nyumbani wanaotaka kutazama pamoja nawe.

Mavazi: Aprili hudanganya. Jua litawaka na miguu itaganda, kwa sababu umesimama juu ya zege. Vaa soksi za sufu na ukalie kitu kama kiti ni cha plastiki. Wakati wa mapumziko kila mtu hununua korv, soseji ndani ya mkate. Mara nyingi ina nyama ya nguruwe, basi kama huli, uliza kwanza kwa neno moja tu: fläsk?