Kabla hujaanza kupika chakula cha wiki kwa mkupuo, weka haya sawa kwanza

Wengi wetu tukisikia habari ya kupika mara moja kwa wiki tunakimbilia jikoni moja kwa moja, unanunua kila kitu, Jumapili nzima umesimama kwenye jiko, mgongo unauma, watoto wana njaa na sufuria tano zinachemka, halafu ikifika Alhamisi nusu ya kile chakula kinamwagwa. Nimepitia hapo mpaka nikaacha kabisa. Niliporudi ndo nikaona kumbe kupika hakukuwa na shida, shida ni kwamba nilianza bila kujipanga.

Kwanza kabisa angalia wiki yenu ilivyo kweli, sio wiki unayoitamani. Chukua karatasi uandike siku zote saba, nani anakula nyumbani, nani anachelewa, siku gani kuna mwaliko, siku gani unarudi umechoka hoi. Mara nyingi utakuta siku zinazokutesa ni mbili au tatu tu na zingine unazimudu vizuri, basi anza na hizo. Familia ya watu watano, chakula cha jioni siku tatu, hizo ni sahani 15, hiyo inawezekana. Ila ukisema milo mitatu kila siku kwa wiki nzima ni sahani 105, na sijaona mtu aliyeanza na mzigo huo akadumu nao.

Sasa friji, na hapa naomba usipite haraka. Chakula kilichopikwa kinakaa salama kwenye friji siku 3 mpaka 4, baada ya hapo hata kama hakinuki usikiamini, kwa sababu vijidudu vingine vinavyoumiza tumbo havibadilishi harufu wala ladha. Maana yake cha Jumapili mwisho wake Jumatano, ukijikaza sana Alhamisi, kwa hiyo ile "wiki nzima" haitoki kwenye friji peke yake. Una njia mbili, kugandisha sehemu ya chakula kwenye friza, au kupika mara mbili, Jumapili kwa kirefu na Jumatano kidogo tu kwa saa moja. Mimi nachanganya zote. Friji iwe nyuzi 4 au chini yake na friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, ukipata kipimajoto kidogo kiweke ndani ujue ukweli, maana namba za kwenye kile kitufe cha friji hazikuambii nyuzi.

Na kupoza. Vijidudu vinazaliana kwa kasi chakula kikiwa kati ya nyuzi 5 na 60, ndo maana chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Sufuria kubwa la mchuzi likiachwa na mfuniko usiku kucha linakuwa bado vuguvugu katikati asubuhi, hilo ndo la kuogopa kuliko yote. Gawa kwenye vyombo vifupi, kina kama sentimita 5 hivi, kipoe upesi kiingie ndani. Wali ndo usiuchezee kabisa, kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka, wali ukikaa kwenye joto wanaamka na kutoa sumu ambayo hata ukipasha vipi haitoki. Kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mjamzito au mzee, hapa ongeza umakini mara mbili.

Halafu kuna hili la nini hasa unaandaa, na hapa nina msimamo wangu: usipike vyakula vilivyokamilika, andaa vile vya msingi. Ukipika mchuzi mmoja wa siku nne, siku ya tatu hakuna anayeutaka. Lakini ukiwa na maharage yameshachemshwa, nyama imeshaiva bila viungo vingi, vitunguu na karoti vimeshakatwa, sosi ya nyanya ipo tayari, basi jioni unaunganisha kwa dakika 20 na kila siku ladha inakuwa tofauti. Maharage mekundu yaloweke angalau saa 5, maji yale mwaga, kisha yachemke kwelikweli kwa dakika zisizopungua 10 (mimi naacha 30), yana sumu yao ya asili na moto mdogo hauimalizi.

Vya kugandisha navyo vina uchaguzi. Maharage, michuzi, supu na nyama iliyopikwa vinavumilia vizuri. Tango na majani ya saladi vinalegea vinakuwa maji, viazi vya kuchemsha vinakuwa kama unga mdomoni, mayai ya kuchemsha ute wake unakuwa kama mpira. Chombo cha supu usijaze mpaka juu kwa sababu maji yakiganda yanatanuka.

Vyombo vihesabu kabla ya kwenda sokoni, na mifuniko yake pia, maana hakuna kitu kinachoudhi kama chakula kimeshaiva na pa kukiweka hamna. Bandika karatasi uandike jina na tarehe, usijiambie utakumbuka, vikishaganda vyote vinafanana. Nyama mbichi ikae shelfu ya chini isidondokee vingine. Umeme ukikatika usifungue fungue, friji iliyofungwa inashika ubaridi kama saa 4, na friza iliyojaa kama saa 48.

Jingine ambalo tunalisahau, ongea na watu wa nyumbani. Waulize wanakula nini bila kulazimishwa, kila mmoja achague mlo mmoja, na kazi igawanywe, mmoja akate, mmoja aoshe, mdogo abandike hizo karatasi za tarehe. Mtu mmoja akibebeshwa yote ratiba haifiki mwezi, na sio kwamba ni mvivu, amechoka tu. Tena acha jioni moja wazi kabisa kwa ajili ya viporo na dharura.

Siku moja kabla, toa nyama ya friza uishushe kwenye friji, kipande cha kilo 2 kinaweza kumaliza saa 24 kuyeyuka na mezani sio mahali pake. Usiku loweka maharage, ondoa vilivyoharibika kwenye friji upate nafasi, osha vyombo vyote sinki ibaki tupu. Asubuhi anza kubandika kinachochukua muda mrefu, maharage na nyama, ndo ukae ukate mboga wakati vinachemka.