Somo: kurasa zinafunguka polepole kwa kompyuta ya nyumbani, tafuta inapokwama kabla hujaongeza pakeji

Wadau habari zenu. Hili somo nimeliahidi kitambo na leo naliandika kwa sababu kuna jambo limeniuma. Jirani yangu hapa Umoja, mama anayeuza nguo kwa mtandao, alikuwa analipia intaneti ya kasi ya Mbps 10, kurasa zikaanza kukawia, mtu akamwambia apandishe hadi Mbps 20. Akapandisha. Miezi mitatu mizima analipa hiyo pesa ya juu na kurasa ni zile zile, duara linazunguka wee mpaka anaenda kubandika chai anarudi bado linazunguka. Jumamosi nikaingia kwake, dakika kumi hazijaisha tukajua intaneti haina shida hata kidogo, ni diski ya kompyuta. Pesa ya miezi mitatu imeenda hivyo na ni mtu anahesabu kila shilingi.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja tu, usiongeze hata bob kabla hujajua ni wapi inakwama. Ukurasa ukitoka kwa seva ya mbali, yaani ile kompyuta inayoweka tovuti, unapita baharini, unapanda kutoka Mombasa mpaka Nairobi, unaingia kwa laini ya mtaa wako, kwa raota, kwa hewa ya nyumba, alafu mwisho kabisa kwa brauza na diski yako. Pakikwama mahali pamoja tu katika hiyo safari, wewe unaona kitu ile ile: polepole. Kazi yetu ni kukata hiyo safari vipande vipande.

Hatua ya 1, linganisha

Fungua ukurasa ule ule kwa kompyuta, alafu kwa simu ukiwa kwa waifai hiyo hiyo, alafu zima waifai ya simu ufungue kwa bando. Hii ni dakika mbili na inakupa nusu ya jibu. Simu kwa waifai iko fiti na kompyuta inakokota miguu? Shida iko kwa kompyuta, ama vile imeshika waifai. Zote mbili zinakokota kwa waifai lakini bando iko sawa? Raota ama laini. Na kama ni ukurasa mmoja tu unasumbua kila mahali, hata kwa bando, na zingine zinafunguka vizuri, basi ni seva ya wenyewe, wewe ngoja ujaribu usiku.

Hatua ya 2, diski na RAM

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio naona sana nikitembelea watu. Kompyuta nyingi tunazonunua tao, pale Luthuli na Moi Avenue, ni zile za kutoka ng'ambo zimetumika ofisini, na si mbaya, mimi mwenyewe natumia moja. Lakini nyingi za zamani zinakuja na diski ya kuzunguka na RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 4. Sasa watu hawajui kwamba brauza ikifungua ukurasa mmoja inaandika na kusoma vifaili vidogo vingi sana kwa diski, picha, vipande vya programu, rekodi za mahali umepita. Diski ya kuzunguka inabidi kichwa chake kisogee kutafuta kila kifaili na kila kutafuta ni kama milisekunde 10 hivi au zaidi (sekunde moja ni milisekunde 1000), SSD, ile diski ya chipu, haina kitu cha kusogea, haifiki hata milisekunde 1. Zidisha hiyo mara mia kadhaa utaona duara linatoka wapi.

Kuangalia, bonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litafunguka linaonyesha programu zote na juu kuna asilimia za prosesa, RAM, diski na mtandao. Fungua ukurasa wako mzito huku unaangalia hizo namba. Diski ikipanda mpaka 100 na kukaa hapo wakati mtandao uko chini kabisa, ndugu yangu, hiyo si intaneti. Ya jirani yangu ilikuwa hivyo, diski 100 mtandao karibu sifuri. RAM nayo ikikaa juu ya 90, Windows inaanza kusukuma vitu kwa diski ili ipate nafasi, kwa hivyo RAM kidogo na diski ya kuzunguka zinaumizana. Funga tabo zile hutumii, alafu angalia programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta ikiwaka, kwa hilo hilo dirisha kuna sehemu yake, zima zile huzijui kazi lakini antivirasi usiguse.

Dawa yenyewe ni SSD. Fundi anakopi kila kitu kutoka diski ya zamani, faili zako na Windows yako vinabaki vilevile. Kaa hapo akifanya, na kabla aanze hakikisha picha na kazi zako umeziweka mahali pengine pia.

Hatua ya 3, brauza

Fungua dirisha la siri, kwa Chrome ni Ctrl, Shift na N. Ukurasa ukifunguka haraka huko na kwa dirisha la kawaida unakawia, mara nyingi ni ekstensheni (programu ndogo iliyoongezwa kwa brauza) ama kashe (nakala za kurasa ulizofungua) imeharibika. Zima ekstensheni zote, washa moja moja ukijaribu, utaikamata. Kashe unafuta kwa Ctrl, Shift na Delete, lakini chunga usiweke tiki kwa pasiwadi. Na tafadhali usifute kashe kila siku vile watu wanashauriana, kashe iko hapo ili picha ulizoshusha jana usizishushe tena leo, ukifuta kila asubuhi unajiongezea kazi na unamaliza bando bure.

Hatua ya 4, waifai

Nyumba zetu ni za mawe, kuta nene, na mawimbi ya waifai hayapendi jiwe. Raota nyingi za sasa zina mawimbi mawili, GHz 2.4 ambayo inafika mbali lakini imejaa watu, na GHz 5 ambayo ni ya mbio lakini ukuta wa pili inachoka. Unaona jina la waifai likiishia na 5G, hiyo si 5G ya simu, ni hiyo GHz 5. Uko chumba kimoja na raota tumia GHz 5, uko chumba cha mwisho tumia 2.4.

Kwa ploti ya ghorofa saba kila mlango una raota, na kwa 2.4 kuna chaneli tatu tu ambazo hazikanyagani, 1, 6 na 11. Shusha programu ya bure ya kuonyesha chaneli kwa simu, uone gani ina watu wachache, alafu ingia kwa raota uibadilishe. Raota yenyewe itoe nyuma ya tivii na juu ya friji, weka juu, mahali wazi, na mbali na maikrowevu kwa sababu maikrowevu nayo inapiga karibu na hiyo hiyo GHz 2.4.

Lakini kipimo halisi ni waya. Omba waya wa mtandao hata kama ni wa kuazima, unganisha kompyuta moja kwa moja na raota. Ikikimbia kwa waya, umemaliza kesi, ni hewa.

Hatua ya 5, ping

Ping ni kutuma ujumbe mdogo na kupima unachukua muda gani kurudi. Usiogope, ni kuandika mistari mitatu. Tafuta cmd kwa Windows, fungua, andika ipconfig na utaona anwani ya raota yako kwa ule mstari wa gateway, mara nyingi ni 192.168.1.1 ama 192.168.0.1. Alafu andika ping -n 30 192.168.1.1 (weka anwani uliyoona wewe) uangalie, ukimaliza andika ping -n 30 8.8.8.8 ambayo ni seva ya Google.

Raota iko hapo nyumbani, kwa waya inafaa kujibu ndani ya milisekunde 1 hivi, kwa waifai nzuri chache tu. Ukiona mara 3 mara 280 mara imepotea, ni waifai. Raota ikijibu vizuri mfululizo lakini 8.8.8.8 inapotea pakiti (huo ujumbe mdogo) tano kati ya 30, hapo ndio laini ya nje, na sasa una ushahidi. Piga picha hiyo skrini na saa ionekane. Ukipigia watu wa intaneti ukisema "iko polepole" utaambiwa uzime uwashe, lakini ukisema raota inajibu milisekunde 1 na nje napoteza pakiti tano kwa 30 kila jioni, mtu wa kiufundi atakusikiza.

Hatua ya 6, DNS

Dalili yake ni hii: ukurasa unakaa mweupe sekunde kadhaa, hakuna kitu, alafu unakuja wote kwa mpigo. DNS ndio inageuza jina la tovuti kuwa namba, ikichelewa kujibu kila kitu kinangoja. Kwa mipangilio ya mtandao weka 1.1.1.1 na ya pili 8.8.8.8. Haiongezi Mbps, inaondoa ule ukimya wa mwanzo tu.

Hatua ya 7, nani anatumia

Simu ikipeleka picha zote za harusi juu kwa wingu, upande wa kupandisha unajaa, na ukijaa hata kushusha kunakwama kwa sababu kila ombi lako la ukurasa linapanda njia hiyo hiyo. Apudeti za Windows pia. Kwa mipangilio ya waifai kuna mahali pa kuambia Windows hiyo intaneti ni ya kupimwa, washa hapo. Ingia pia kwa raota uone vifaa vilivyoshikana, ukiona simu huijui badilisha pasiwadi.

Na kuelewana tu, Mbps ni megabiti. Gawa kwa 8. Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde, ambayo kwa kusoma kurasa inatosha nyumba ya watu wachache.

MASWALI

Wa Pipeline: Bro asante sana. Kwetu waifai ni ya ploti, tunalipa kila mtu kidogo. Saa kumi na moja asubuhi inapaa, saa tatu usiku hata barua pepe haifunguki. Nibadilishe nini kwa kompyuta?

Jibu: Usibadilishe kitu. Kompyuta ni ile ile asubuhi na usiku, kinachobadilika ni watu. Laini moja imegawanywa nyumba nyingi na usiku kila mtu amerudi kazini. Fanya ping saa hizo mbili, andika namba, ungana na majirani wawili watatu muende kwa mwenye laini na karatasi. Mkiwa wengi na mna namba ni rahisi aongeze laini ama aweke kipimo kwa kila mlango. Ukiwa na kitu kizito cha kushusha, kishushe hiyo alfajiri.

Dada wa Kasarani: Mimi kipimo cha spidi kinaonyesha 20 kamili lakini kuna tovuti za ng'ambo za masomo yangu zinachelewa kuanza, zikianza ziko sawa. Ni DNS?

Jibu: Jaribu DNS kwanza dada, ni bure. Lakini jua kipimo cha spidi mara nyingi kinachagua seva iko hapa hapa Nairobi. Seva ikiwa Ulaya kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100, Marekani zaidi ya 200, na kabla herufi ya kwanza ifike kompyuta imeshaenda na kurudi mara tatu nne kusalimiana na kukubaliana usalama. Hapo Mbps 100 haikusaidii, umbali ni umbali. Na bado tumetoka mbali, kabla nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zifike Mombasa 2009 tulikuwa tunapitia setilaiti, kwenda na kurudi ni zaidi ya nusu sekunde. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika na mtandao wa nchi nzima ukalegea, siku kama hiyo usiguse raota yako kabisa.

Wa Rongai: Yangu haiko polepole tu, kila tovuti inasema muunganisho si salama, na tarehe kwa kona inasema mwaka wa 2010. Nikirekebisha, stima ikipotea inarudi tena.

Jibu: Hiyo ni betri ndogo ya ndani, ile duara kama shilingi, CR2032, imekufa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, kompyuta ikidhani ni 2010 inavikataa vyote. Badilisha betri, rekebisha saa, umemaliza.

Mzee wa Kahawa West: Kijana wangu, mimi nimeweka antivirasi mbili ili niwe salama zaidi, na kompyuta imekuwa nzito. Ni Windows 10, RAM GB 4. Niongeze RAM ama niweke hiyo SSD?

Jibu: Mzee, toa antivirasi moja leo kabla ya kununua chochote. Zikiwa mbili kila faili inakaguliwa mara mbili na zinashikana mashati. Hata ile inayokuja na Windows yenyewe inatosha ukiwa mwangalifu na unachoshusha. Ukishatoa, rudi hatua ya 2 uangalie namba. Diski ikikaa 100, SSD kwanza. Diski ikiwa sawa na RAM iko 90 na kitu, RAM. Alafu Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo fundi akiifungua muulize kama hiyo mashine inakubali Windows 11, na kama haikubali na kazi yako ni kusoma magazeti na barua pepe, akuwekee Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ni ya bure.

Mzee wa Kahawa West: Nimetoa moja. Diski imeshuka kutoka 100 hadi kama 40, gazeti limefunguka nikiwa bado naangalia. Lakini RAM iko 93.

Jibu: Basi mzee wangu SSD ingoje kidogo, tafuta RAM. Usinunue kabla fundi hajaangalia kama ni DDR3 ama DDR4, hizo ni aina za RAM, haziingiliani, na aangalie kama kuna nafasi ya pili iko wazi, ndio usiitoe hiyo uliyo nayo.