Gasketi ya hedi inaungua kila mara kwenye injini ya tabo? Usikimbilie spana

Prado ilifika gereji kwangu Uyole ikivutwa na Fuso la ndizi, mwenyewe amekaa mbele na mkoba wake mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii gari inanila. Gasketi ya tatu hii tangu mwaka jana."

Anabeba parachichi na ndizi kutoka Tukuyu, na msimu wa mavuno anashuka Kyela kufuata mchele. Injini ni 1KZ ya Toyota, dizeli yenye tabo (ile feni inayosukuma hewa zaidi kwenye silinda), pampu ya dizeli ya kawaida isiyo ya umeme. Gasketi, yaani kile kizibo chembamba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake), iliyokuja na gari iliungua, ikafungwa nyingine kwenye gereji ya mtu. Hiyo nayo ikaungua, nikaibadilisha mimi. Sasa imeungua ya kwangu, na hapo sikuwa na wa kumsingizia.

Gari ikirudi namna hii, kitu cha kwanza ni kuomba gasketi za zamani. Mwambie mteja asitupe. Za mama, moja ilikuwa nyuma ya kiti, nyingine inaziba tundu la banda la kuku nyumbani. Mjukuu akaileta kwa bodaboda. Baadaye, niliposhusha hedi, nilizipanga zote tatu mezani, tundu juu ya tundu. Zote zimeungua sehemu moja: ule wembamba kati ya silinda ya tatu na ya nne. Pete ya chuma imesukumwa nje, pembeni kuna mstari mweusi wa moshi.

Hiyo ni habari kubwa. Zikiungua kila moja mahali pake, shuku joto la jumla, yaani rejeta, feni, pampu ya maji. Zikiungua palepale, basi pale pana kitu: hedi au bloku imepinda, kuna ufa, bolti hazibani sawasawa, au presha ya silinda imezidi uwezo wa gasketi. Ukikuta matundu ya maji yameliwa na kutu ila pete ni nzima, huyo amekuwa akijaza maji ya mtoni badala ya kulanti, yale maji maalumu ya rejeta.

Kabla ya kushusha hedi, hakikisha kweli ni gasketi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, jaza rejeta, funga mfuniko, kisha chovya ule mpira mwembamba wa kumwagia kwenye chupa ya maji. Washa. Mapovu machache mwanzoni si neno, ni hewa iliyobaki. Yakiendelea bila kukoma, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka, hiyo ni hewa ya silinda. Shika na mpira mkubwa wa juu: ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika mbili, maji bado hayajapata moto, umeshapata jibu. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Nina kovu mkononi la kuthibitisha.

Upande wa maji, angalia yote, ila huku kwetu anza na mfuniko wa rejeta. Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha, na presha inashikwa na kampira kadogo chini ya mfuniko. Kakikauka, gari ambayo Dar ingevumilia itachemsha Mlima Nyoka. Halafu kuna ugonjwa wa mafundi kutoa thamostati, kale kamlango kanakofunguka maji yakipata moto, "ili maji yapite vizuri". Kwenye Toyota nyingi thamostati ikifunguka inaziba na njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Irudishe.

Gari ya mama upande huo ilikuwa safi. Rejeta nzuri, feni inashika. Hapo ndipo mara ya kwanza nilipokosea: niliona maji yako sawa, nikafunga gasketi, nikalipwa. Tabo sikuigusa.

Safari hii nililala chini na tochi. Pembeni ya tabo kuna kikopo chenye fimbo nyembamba. Presha ikifika kiwango, fimbo inafungua kamlango ka kupitisha moshi pembeni ili tabo isizidi kusukuma. Fimbo nzima ilikuwa na kutu na vumbi la miaka, isipokuwa uzi wa nati, kama sentimita moja hivi, unang'aa. Mtu ameifupisha. Nikaenda kwenye pampu ya dizeli: skrubu ya kuongeza mafuta, lakiri yake imevunjwa. Dereva, kijana mpole tu, akakiri. Kutoka Kyela, mita kama 500, mpaka Isyonje ni kupanda, na mzigo ulikuwa unamchelewesha. Rafiki yake wa malori akamfundisha "kuamsha tabo". Gari ikavuta kweli. Hewa nyingi na dizeli nyingi ndani ya silinda ileile: presha inapanda, moto unapanda, hedi ya aluminiamu inataka kunyanyuka kwenye bloku ya chuma.

Kwa hiyo kwenye injini ya tabo unga geji ya presha kwenye mpira unaotoka tabo, panda mlima na mzigo, usome. Ile ya mama ilipofufuka ilisoma karibu mara mbili ya Prado nyingine yenye injini hiyohiyo, mpaka niliporudisha fimbo na skrubu mahali pake.

Ila kulikuwa na kosa langu pia. Nilichukua spoki ya baiskeli, nikaizungushia kitambaa, nikaichomeka kwenye matundu ya bolti kwenye bloku. Ya nyuma yalitoa tope la rangi ya kahawa, maji na oili. Mara ya kwanza sikuyasafisha. Bolti ikishuka kwenye tundu lenye maji inakaa juu ya maji, toki renchi (spana ya kupima mkazo) inalia "ka!", wewe unaridhika, kumbe hedi haijabanwa. Puliza kila tundu kwa hewa, futa, puliza tena. Bolti zilizovutika usizirudishe.

Hedi ipeleke kwa mashine, lakini wengi wanasahau bloku. Weka rula ya chuma iliyonyooka, marefu na mshazari, chomeka fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mimi ya 0.05 mm ikipita kati ya silinda sifungi. Kikomo chenyewe kisome kwenye manuali ya injini yako. Ufa kati ya valvu, ambao hedi za 1KZ zinaupenda, nautafuta kwa mafuta ya taa: paka, subiri, futa kavu, nyunyiza unga wa chaki. Ufa unajichora wenyewe. Ukiujua upo, usiichomelee hedi, tafuta nyingine.

Gasketi za dizeli nyingi zina unene tofauti, zimewekewa alama. Pima pistoni inavyochomoza juu ya bloku ndipo ununue, usichukue ya dukani kwa sababu matundu yanalingana. Silikoni weka kabatini. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua na nyuzi za kuzungusha bolti zilizo kwenye manuali.

Tulipanda mpaka Isyonje na magunia kumi, mshale wa joto haukusogea. Dereva akanuna njia nzima kwamba gari imekuwa nzito. Mama, kutoka kiti cha nyuma: "Tia gia ya pili, baba, parachichi haziozi leo."