Kabla hujauza shamba: namna ya kumpata mwajiri wa nje anayeweza kukudhamini

Vijana wengi wa Mbeya, Njombe na Iringa wanaotaka kazi za nje huanzia kwa wakala. Anawaambia kazi ipo Uingereza, watume kwanza milioni kadhaa za "udhamini", na nyumbani wazazi wanaanza kutafuta mnunuzi wa shamba la parachichi. Usianzie huko. Mtafute kwanza mwajiri mwenye leseni ya kudhamini, yaani ruhusa ya serikali ya nchi yake ya kuajiri watu kutoka nje. Kumhakiki ni bure.

Serikali ya Uingereza huweka kwenye tovuti yake orodha ya waajiri wote wenye leseni hiyo. Tafuta jina la kampuni uliyotajiwa herufi kwa herufi, kisha soma mstari mzima: mji ilipo, daraja lake (unalolitaka ni A) na aina ya viza, mfano Skilled Worker (viza ya wafanyakazi wenye ujuzi). Jina lisipokuwepo, achana na wakala huyo. Likiwepo, usishangilie bado, maana matapeli hutumia majina ya kampuni halali. Iandikie kampuni yenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake, uulize kama nafasi ipo kweli. Kuwa na leseni si kuwa na nafasi.

Angalia pia kama kazi hiyo bado inaruhusiwa. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza haipokei tena walezi wa wazee wanaoajiriwa kutoka nje, na kima cha kawaida cha mshahara kwa Skilled Worker kilipanda hadi pauni 41,700 kwa mwaka. Inaniuma kuona watu bado wanachangishwa kwa ajili ya kazi hiyo ya ulezi.

Ada ya leseni na ya cheti cha udhamini ni za mwajiri, na haruhusiwi kukutoza. Kanada nako ada ya LMIA, tathmini anayoiomba mwajiri ili aruhusiwe kuajiri mtu wa nje, hulipwa na mwajiri. Za kwako ni pamoja na pasipoti, mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu, na nauli za kwenda Dar es Salaam. Wakala wa hapa nchini naye lazima awe na kibali cha serikali. Ulizia ofisi ya kazi ya mkoa kabla hujampa hata shilingi.

Halafu majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwakalinga, NIDA inasema Mwakaringa, cha kuzaliwa hakipo kabisa. Anza na hilo wiki hii, kabla hata ya kutuma barua ya kwanza ya maombi, kwa sababu marekebisho huchukua muda na mwajiri aliyekupa nafasi hatakusubiri.