Ukifikia kwa familia Sevilla, ulizia kwanza saa za kula

Unaenda kusoma Sevilla, Hispania, na utakaa na wenyeji? Siku ile ile ya kufika, ulizia ratiba ya chakula. Mlo mkubwa ni wa mchana, saa nane au tisa. Cha usiku huja saa tatu, hata nne, na mara nyingi ni chepesi: kipande cha tortilla ya viazi (ndugu kabisa wa chipsi mayai) na mkate. Weka matunda chumbani ya kuvushia jioni, na uyanunue Jumamosi kwa sababu Jumapili maduka mengi hufungwa.

Kama huli nguruwe, mwambie mama mwenye nyumba mapema na waziwazi. Jamón (nyama ya paja la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi) hunyunyizwa hata juu ya salmorejo, supu baridi ya nyanya, na hukaangwa pamoja na njegere.