Jinsi ya Kupima Matokeo ya Uzazi Vijijini

Anayetaka kujua hali ya uzazi katika vijiji vya Longido, au vile vya tambarare ya Moshi, kaskazini mwa Tanzania, kwa kawaida huanza na kitabu namba 12 cha MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), yaani rejesta ya wodi ya wazazi. Ni mwanzo mzuri, lakini mtoto aliyezaliwa nyumbani, kwenye boma la familia, hayumo humo. Tuseme zahanati imeandika watoto hai 120 na kifo kimoja ndani ya siku 28 za mwanzo: hivyo ni vifo 8 kwa kila watoto hai 1,000. Ukiongeza watoto hai 40 waliozaliwa nyumbani, ambao watatu kati yao walifariki, kiwango kinafika 25. Kwa hiyo orodhesha wajawazito wote wa kila kitongoji kabla hawajajifungua, ukisaidiwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii na wakunga wa jadi, ambao mara nyingi ndio wanaopata habari kwanza.

Mtoto apimwe uzito ndani ya saa moja baada ya kunyonya kwa mara ya kwanza, na akichelewa sana, ndani ya saa 24, kwa kuwa siku za mwanzo watoto wengi hupungua. Weka mzani mahali tambarare, uanzie kwenye sifuri, kisha uujaribu kwa lita moja ya maji, ambayo ni gramu 1,000 ukishatoa uzito wa chombo. Andika ulichokisoma. Daftari lililojaa 2,500 na 3,000 linaonyesha kwamba mpimaji alikuwa akikadiria, na kosa hilo ni zito, kwa sababu uzito pungufu ni ule ulio chini ya gramu 2,500. Mtoto wa gramu 2,460 aliyeandikiwa 2,500 hatafuatiliwa. Uzito pekee haumtambulishi njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hivyo uliza pia tarehe ya hedhi ya mwisho na uilinganishe na kadi ya kliniki.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye vifo. Ukimuuliza mama, "Una watoto wangapi?", atakutajia walio hai. Uliza kwa upole, mkiwa wawili tu, amebeba mimba ngapi na kila moja iliishaje. Kwa aliyefariki, uliza: je, alilia, alipumua au alitikisika, hata kidogo? Jibu likiwa ndiyo, huyo alizaliwa hai kisha akafariki, hata kama familia inamwita mfu. Jibu likiwa hapana, na mimba ilikuwa imefikisha wiki 28, alizaliwa mfu; hapo uliza kama ngozi yake ilikuwa imeanza kuchubuka. Ngozi iliyo nzima huashiria kwamba pengine alifia katika uchungu, na hapo ndipo mkunga mwenye ujuzi angeweza kumwokoa.

Rudi siku ya saba na ya 28. Ukikuta mama amekwenda kwa wazazi wake, au familia imehama na mifugo kufuata malisho, andika kwamba mtoto hakuonekana. Usiandike kwamba yu hai.